Shangazi, umeme ulikatika siku ya 19, sasa wifi yangu anadai vifaranga vyake vyote

Shikamoo Shangazi, na wasomaji wenzangu kamwene.

Mi ni mama wa watoto wawili naishi Mafinga, naomba jina langu usiliweke japo najua wifi yangu akisoma mistari miwili tu atajua ni mimi, basi na ajue, nimechoka.

Nina mashine ya kutotolesha vifaranga, zile za mayai 528, niliinunua mtumba kwa mtu wa Iringa mjini kwa hela tuliyovunja vikoba mwisho wa mwaka. Nilianza na mayai ya kuku wangu, baadae majirani wakaanza kuleta, afu watu wa Kinyanambo, afu mpaka wa vijijini huko wanapakia trei kwenye bodaboda wananitumia. Natoza shilingi 300 kwa yai. Mashine iko kwenye chumba cha uani ambacho zamani tulikuwa tunahifadhia mahindi. Sikufichi Shangazi, kazi ni nzuri, ada ya mtoto wa kwanza imetoka humo humo.

Shida ni umeme. Kuna siku unakatika nusu saa unarudi, hiyo hainisumbui. Kuna siku wanatangaza kwenye magrupu ya mtaa kwamba Jumamosi kuna matengenezo toka asubuhi mpaka jioni, hapo angalau najiandaa. Ila kuna ile ya ghafla, mvua imenyesha na upepo, unasikia tu puu huko kwenye transfoma na giza, ukipiga simu unaambiwa mafundi wako njiani. Na kuna nyingine ya jioni ambayo hata sijui niiiteje, umeme upo, taa inawaka ila imefifia, feni ya mashine inazunguka kivivu, nakaa naangalia namba pale kwenye mashine inagoma kupanda, 35, 35, 35, mpaka watu wakalale ndo inapanda.

Sasa hii iliyonileta kwako. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliniletea trei nane, mayai 240 ya kuku wa kuroila, kayafuata mbali kwa hela yake. Tulikubaliana akanipa nusu ya malipo, 36,000. Siku ya saba nikayamulika nikatoa 28 hayana kitu, nikampigia nikamwambia, akasema sawa. Tukaenda vizuri mpaka siku ya 19, nishayashusha kwenye vikapu vya kuangulia, mengine ukiweka sikio unasikia vinalia ndani. Saa moja jioni umeme ukaondoka. Mvua ilikuwa inapiga hasa na baridi la kwetu unalijua. Nikachukua mablanketi yote ya nyumba hii nikaifunika mashine juu chini, nikaziba kila tundu joto lisitoke, nikawasha jiko la mkaa nikaliweka humo chumbani, nikafunga mlango na mimi nikakaa nalo mpaka kichwa kikawa kinagonga. Umeme umerudi saa tatu asubuhi.

Vilianguliwa 31. Mengine nilipoyapasua ni vifaranga kamili, vina manyoya, vina midomo, vimekufa. Nililia. Ajabu ni kwamba mayai ya mama mmoja wa Kinyanambo yaliyokuwa humo humo kwenye mashine, yalikuwa siku ya nane wakati ule, yaliangua vizuri tu, yalichelewa siku moja.

Wifi anadai 480,000. Hesabu yake ni vifaranga 240 mara 2,000. Ameshapeleka kesi kwa mama mkwe, na mama mkwe ameniita nyumbani kwake Jumapili baada ya ibada. Mume wangu hana upande, ananyamaza tu, ila amekuja na wazo lake kwamba tuchukue mkopo wa milioni tatu kwa hawa jamaa wa mikopo ya haraka, tuweke karatasi ya kiwanja, tununue jenereta kubwa ambalo litabeba mashine, friji na TV, na wikiendi tunalikodisha kwenye maharusi. Jirani yangu kinyozi anacho kijenereta kidogo anaendesha mashine zake za kunyolea, mume wangu anasema kile ni takataka.

Nauliza vitu vitatu Shangazi. Nimlipe wifi hiyo hela? Tuchukue huo mkopo? Au niuze mashine nirudi kuuza maandazi? Na hivi lile bwawa la Nyerere si lilikamilika jamani, mbona sisi bado?

Mama Vifaranga, Mafinga

---

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, kamwene.

Kabla ya wifi, kabla ya mkopo, nianze na hilo jiko. Ulijifungia kwenye chumba cha stoo, usiku, mlango umefungwa, na jiko la mkaa linawaka, mpaka kichwa kikagonga. Kile kichwa hakikuwa cha mawazo. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kisicho na hewa unatoa gesi ya sumu, haina harufu wala rangi, mtu anasikia kichwa, anasikia usingizi, analala haamki. Kila msimu wa baridi huku nyanda za juu tunazika watu kwa jambo hili na bado tunaingiza majiko ndani. Umshukuru Mungu leo unaniandikia barua. Jiko lisiingie tena kwenye chumba hicho, iwe kwa ajili ya mayai iwe kwa ajili ya kulea vifaranga, na siku ukipata jenereta nalo liungurume nje kabisa, sio kwenye korido wala dirishani.

Na sasa nikuambie jambo ambalo hutalipenda. Vifaranga vya wifi yako sidhani kama viliuawa na baridi.

Angalia ushahidi ulioniletea mwenyewe. Umeme ulikosekana saa kumi na nne. Yai lenye kifaranga hai linavumilia baridi kuliko watu wanavyodhani, wataalamu wa utotoleshaji wanasema joto likishuka chini ya nyuzi 32 linaweza kuhimili mpaka kama masaa 18 na bado kikatoka kitu, kinachelewa tu. Yale ya mama wa Kinyanambo yalikuwa mashine moja na ya wifi, baridi lilikuwa lile lile, blanketi zile zile, na yameangua. Kwa nini madogo yapone na makubwa yafe? Kwa sababu yai la siku ya nane halina mahitaji makubwa ya hewa, lakini kifaranga cha siku ya 19 kinaanza kupumua kwa mapafu, kinatoa joto lake chenyewe, kinataka hewa safi kama wewe na mimi. Wewe ukaziba kila tundu, feni imesimama, na nje ya blanketi kuna jiko linakula hewa ya chumba na kumwaga sumu. Kwa maelezo yako mimi naona vilikosa hewa, na ndo maana ulivikuta vimekamilika na manyoya yake.

Sikwambii hivi nikutie uchungu. Nakwambia kwa sababu ndiyo inaamua hayo mengine yote. Kama tatizo lingekuwa baridi tu basi mume wako angekuwa na haki, tukanunue dude la milioni tatu. Lakini kama ulichokosa usiku ule ni hewa na joto la kiasi, basi hiyo ni kazi ya hela ndogo sana, na sehemu kubwa ipo jikoni kwako tayari.

Hesabu ya maji ya moto ni hii, na naomba uisome na mume wako pembeni. Madumu manne ya lita tano, yale ya mafuta ya kula, ukiyajaza maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, mpaka yapoe kufika nyuzi 40 yatakuwa yametoa joto linalokaribia uniti moja nzima ya LUKU. Uniti moja! Betri kubwa ya lori ya Ah 100 ikijaa ina kama uniti moja na robo kidogo haifiki, na ukiitaka idumu inabidi uitumie nusu tu. Yaani maji uliyochemsha kwa kuni huko nje yana joto zaidi ya betri ya laki kadhaa. Mayai hayajali joto limetoka bwawa la Rufiji au limetoka kwenye sufuria.

Kwa hiyo umeme ukienda, cha kwanza zima swichi ya mashine ukutani, nitakwambia baadae kwa nini. Mayai usiyaguse, mlango wa mashine usiufungue kila dakika eti unachungulia, kila ukifungua unatupa joto nje. Chemsha maji nje, jaza madumu, yafunge vifuniko vizuri, yazungushie kitenge au gunia yasiguse mayai, yaweke chini kabisa pale kwenye karai la maji. Kama chini kuna vikapu vya kuangulia vimejaa, yabanze ubavuni mwa mashine kwa nje halafu ndo ufunike blanketi, ubavuni na juu tu, MATUNDU YA HEWA USIYAZIBE. Mayai yakiwa siku za mwanzo unaweza kubana kidogo, ila kuanzia siku ya 18 hewa ni muhimu kuliko joto, niamini.

Na nunua kipimajoto chako mwenyewe cha betri ndogo, maana ile namba ya kwenye mashine inazimika na umeme na ndo hapo unapoihitaji. Unataka 37.5 siku zote, lakini usiku wa giza ukiona 36, hata 34, kaa utulie. Hatari kubwa ni kuzidisha. Ikigonga 39 toa dumu moja haraka, kwa sababu yai linasamehe baridi la masaa lakini moto wa kuzidi nyuzi 40 haulisamehe hata kidogo.

Kitu kimoja ambacho maji ya moto hayafanyi ni kuzungusha hewa. Hapo ndo betri inaingia, ila betri ndogo tu. Mwite fundi wa redio hapo mjini akufungie kafeni ka volti 12, vile vya kwenye kompyuta, kanakula wati mbili tatu, betri ya pikipiki inakaendesha usiku kucha na bado ikabaki. Hako kafeni na madumu yako ndo jenereta lako la kwanza.

Mashine yenyewe ukitaka kuiendesha kwa betri na inveta inawezekana lakini jua bei yake. Hizi za mayai 528 nyingi zinasoma wati 200 na kitu mpaka 300. Tuseme 250, na kwa kuwa inawaka na kuzima yenyewe tuseme inakula nusu ya hapo kwa wastani. Betri ya Ah 100 ya kawaida itakupa masaa manne, na kwa baridi la Mafinga mwezi wa saba hata hayo manne sikuahidi, maana itawaka zaidi ya nusu. Kwa makatizo yale ya mchana kutwa wa Jumamosi haitoshi peke yake. Sola nayo kwa ajili ya kupasha mayai mi sikushauri, huko kwenu ukungu wa Juni unakaa mpaka saa tano asubuhi, utanunua paneli nyingi upashe mayai machache. Sola ichaji betri ya feni na taa ya chumba basi.

Sasa ile ya jioni, taa imefifia na namba inagoma. Hiyo nayo ni katizo la umeme ila limevaa nguo. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Watu wote wakirudi nyumbani wakawasha vitu na transfoma ya mtaa imezidiwa, unaweza kukuta una 180. Wewe unadhani umepungukiwa kidogo, lakini hita haihesabu hivyo, kwa volti 180 inatoa asilimia 61 tu ya joto lake, nguvu inashuka kwa kasi kuliko volti. Ndo maana feni inazunguka, taa ipo, na mayai yanapoa. Funga stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, na hilo ni jambo la kununua mapema kuliko jenereta lolote. Inakusaidia pia umeme ukirudi kwa kishindo, maana mara nyingi kinachounguza mashine ni umeme kurudi, ndo sababu nimesema uzime swichi ukutani. Ukirudi subiri dakika tano, ukishatulia ndo uwashe.

Na hiyo kero ya umeme mdogo usiipeleke grupu la WhatsApp peke yake. Ripoti kwa shirika, omba namba ya taarifa, andika kwenye daftari tarehe na saa. Wakusanye na wenzio wa transfoma hiyo hiyo, kinyozi, wa saluni, fundi wa kuchomelea kama yupo, mwenye mashine ya kusaga, andikeni barua moja mpeleke ofisi ya wilaya. Mkizungushwa, kuna EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na kuna baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC, kazi yake ni kumsemea mtumiaji kama wewe. Sisemi utalipwa vifaranga. Nasema transfoma hubadilishwa pale penye makaratasi, penye manung'uniko matupu mnaendelea kusubiri.

Umeuliza bwawa la Nyerere, lile la Rufiji. Limekamilika ndiyo, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Mgao wa 2011, na ule wa kuanzia mwishoni mwa 2022, tatizo lilikuwa umeme wenyewe hautoshi, mabwawa yamekauka na mitambo imeelemewa. Wenzetu Zambia hapo ng'ambo ya Tunduma mwaka 2024 ziwa Kariba linalowapa umeme liliposhuka walikaa gizani muda mwingi wa siku, wenye salon na mabucha walilia hasa. Sasa hivi kwetu umeme kuzalishwa unazalishwa, ila kutoka Rufiji mpaka kwenye chumba chako cha uani kuna waya, vikombe, nguzo, transfoma, na miti. Mafinga hiyo hiyo ya misitu ya Sao Hill, inayopeleka nguzo za umeme nchi nzima, mpaini mmoja ukilala kwenye laini mtaa mzima unalala giza. Bwawa la umeme la Mtera lipo mpakani kwenu na Dodoma, la Kihansi lipo mpakani kwenu na Morogoro, maji yanapita mlangoni kwenu yanakwenda kuwasha taa za Dar, na wewe unashika mshumaa. Inauma, najua. Lakini megawati za Rufiji hazizuii mti kuanguka Mufindi, kwa hiyo panga biashara yako ukijua umeme utakatika, usipange ukiomba usikatike.

Kuhusu mkopo. Hapana. Na nairudia kwa baba watoto, hapana. Mikopo hiyo ya haraka ya kuweka karatasi ya kiwanja watu hawakukosea kuipa jina la kausha damu. Tufanye hesabu bila hasira. Ukijaza mayai 500 unapata 150,000 kwa wiki tatu. Umeme, mashine yako itakula uniti kama 60 hadi 70, na elfu kumi ni uniti kama 28, kwa hiyo toa elfu ishirini na kitu. Toa maji, dawa ya kusafishia, muda wako. Unabaki na laki na ushee kwa wiki tatu, ikiwa mashine imejaa na hakuna kilichoharibika. Hiyo ndiyo ilipe rejesho la milioni tatu na riba? Jenereta la kubeba friji na TV likiwa linaendesha mashine ya wati 250 linapoteza petroli bure kabisa, mzigo mdogo injini kubwa. Na la kukodisha kwenye maharusi, haya, Jumamosi liko ukumbini na Jumamosi ndo siku ya matengenezo ya umeme, mayai yanapashwa na nani?

Kile anachokiita takataka cha kinyozi ndicho saizi yako. Kijenereta cha kilowati moja kinakutosha na chenji inabaki, kinakula kama nusu lita kwa saa, lita ukiihesabu elfu tatu basi usiku kama ule wa saa kumi na nne ni kama 21,000. Inauma lakini inalipika, na kwa madumu ya maji huhitaji kukiwasha usiku kucha, washa masaa mawili, zima masaa matatu, washa tena. Wala usianze kwa kununua. Kinyozi ananyoa mchana, usiku kijenereta chake kimelala. Nenda mkaongee, uweke petroli yako, umlipe kidogo kwa kila usiku unaokichukua, na muandikishane nani anatengeneza kikiharibika, maana vitu vya kushirikiana ndo vinavunja ujirani.

Ukitaka cha kwako, ipo mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Inapitia vikundi, na wewe tayari una wenzio wa vikoba, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ya mji mkaulize taratibu. Kuna mlolongo, ndiyo, lakini kiwanja chako kinabaki chako.

Haya, wifi.

480,000 usilipe, na sababu sio ubahili. Yai 240 haliwi kifaranga 240 hata kwa mashine ya mzungu. 28 hayakuwa na mbegu na alijulishwa siku ile ile akakubali. Kwa 212 yaliyobaki, mtotoleshaji mzuri na umeme haujakatika hata dakika angetoa mia na sitini, mia na sabini hivi. Amepata 31. Kwa hiyo alichopoteza kihalali ni vifaranga 130 hadi 140, tena kwa bei ya kifaranga ambacho hajakilisha wala kukiuza.

Lakini na wewe usiende kwa mama mkwe na neno la "umeme sio wangu". Umeme sio wako, blanketi ni zako. Nenda na daftari lako la kumulika, eleza ulichofanya usiku ule, mwambie wifi maneno haya au yanayofanana: nakurudishia 36,000 yako yote, na ukileta mayai mengine idadi ile ile natotolesha bila kukutoza shilingi. Kama hela yake ya kununulia mayai ndo inamuuma, na ninadhani ndiyo, basi mpe sehemu ya hela hiyo, nusu, ulipe kidogo kidogo kila ukitotolesha. Hapo umebeba mzigo wako na yeye kabeba wake. Mkitoka hapo iandikwe, mama mkwe awe shahidi, na mume wako awepo kikaoni na mdomo wake umefunguka, huyo ni dada yake na wewe ni mke wake, kunyamaza kwake ndo kumefanya hii kesi ifike kwa mama.

Usiuze mashine. Ila kuanzia mzigo ujao badili mambo mawili. Moja, usipokee mayai yote siku moja. Gawa kwa wiki, theluthi leo, theluthi wiki ijayo, ili usiku wa balaa usikukute mashine nzima ipo siku ya 19, na tena yale makubwa yanasaidia kupasha madogo. Ukisikia tangazo la matengenezo hesabu kwenye kalenda, kama siku hiyo inaangukia kuangua, chelewesha kuingiza siku mbili tatu, mayai mabichi kwenye chumba cha baridi kama chako yanakaa wiki bila shida ukiyaweka ncha nyembamba chini.

Pili, kaunta buku. Kila mteja aandikwe jina, idadi, tarehe, amelipa ngapi, na mstari mmoja ambao anausoma kabla hajasaini: umeme ukikatika zaidi ya saa kadhaa na vifaranga vikafa, ada inarudi yote, gharama ya mayai ni ya mwenye mayai. Atakayekataa achukue trei zake mapema mkiwa bado mnasalimiana vizuri. Ukitaka uwe na bei mbili, 300 kwa masharti hayo, na juu kidogo kwa anayetaka uhakika wa petroli, utashangaa wangapi watalipa.

Na wifi akileta yale mayai 240 ya bure, naye asaini.